Bamba la Mtulinga

Weka kidole kwenye kishimo kilicho chini ya koo, kisha kipeleke polepole kuelekea bega la kulia. Kitapita juu ya mfupa mwembamba uliolala chini ya ngozi, unaojipinda kuja mbele, kisha unarudi nyuma, mpaka ufike kwenye nundu ndogo iliyo juu ya bega. Huo ndio mtulinga. Hauna nyama ya kuuficha. Kwa watu wembamba huonekana hata kwa mbali, na pigo lolote linaloupata hujulikana papo hapo, maana ngozi huvimba na kuchomoza mbele ya macho ya mgonjwa mwenyewe.

Kazi yake ni kubwa kuliko unene wake. Ni kwa mfupa huu peke yake ambapo mkono mzima umeungana na mifupa ya kiwiliwili. Kombe la bega lililoko nyuma limeshikwa na misuli tu, nalo huteleza juu ya mbavu. Kama miti inayotenga ubawa wa ngalawa usigonge ubavu wa chombo, mtulinga huutenga mkono na kifua, ukaweza kunyanyuka, kuzunguka, kutupa jiwe, kutwanga na kupalia. Ndio mfupa wa kwanza kuanza kuwa mgumu mtoto akiwa tumboni, kwenye wiki ya 5 au ya 6 ya mimba, na ncha yake ya upande wa kifua ni miongoni mwa sehemu za mwisho kabisa kukomaa. Kuna watu wanaofika umri wa miaka 25 na ncha hiyo ndiyo kwanza inafunga.

Nao huvunjika sana. Mtu akianguka kutoka kwenye pikipiki au baiskeli, au juu ya mwembe, bega ndilo linalotangulia chini mara nyingi, na uzito wote hupita kwenye mtulinga. Takriban mivunjiko 8 katika kila 10 hutokea katikati, pale mipindo miwili inapokutana na mfupa ukawa mwembamba zaidi. Baada ya hapo kila upande huvutwa kwake: msuli wa shingo unakipandisha kipande cha ndani, uzito wa mkono unakishusha cha nje, na misuli ya kifua inakivuta kuelekea katikati. Ndiyo maana majeruhi wa bodaboda huingia mapokezi akiwa ameinamisha kichwa upande ulioumia, ameubeba mkono wake kwa mkono mwingine, bega limeshuka na kusogea mbele. Mtaalamu wa mifupa akimwona mlangoni amekwisha kujua nusu ya habari.

Nataka kuwasifu wanaouunga mfupa huu kwa bamba la chuma na skrubu. Ni operesheni ya kawaida, ya saa moja au mbili, haiandikwi magazetini, na ndugu wa mgonjwa huielewa kwa maneno mawili tu: amewekewa vyuma. Kwa kuwa nimebahatika kuruhusiwa kusimama ukutani mwa chumba cha upasuaji na kuangalia, nimeona kwamba ugumu wa kazi hii hauko kwenye kufunga chuma, uko kwenye kujizuia. Chuma hakiponyi mfupa. Mfupa hujiunga wenyewe, kwa damu yake na kwa utando wake, na daktari kazi yake ni kuushika mahali pake huku akiharibu kidogo iwezekanavyo kile kitakachouponya. Ustadi wote unatokana na hapo.

Kujizuia huko kunaanza kabla ya kisu, kwenye kuamua kama kisu kinahitajika. Mitulinga mingi hupona kwa mkono kuning'inizwa shingoni kwa kitambaa, dawa ya maumivu na subira ya wiki kadhaa. Elimu hiyo ni ya kale mno. Katika mafunjo ya Misri yanayoitwa kwa jina la Edwin Smith, yaliyonakiliwa takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo, kisa cha 35 kinamhusu mtu aliyevunjika mtulinga: alazwe chali, kitu kilichokunjwa kiwekwe kati ya makombe ya mabega yake, mabega yatanuliwe mpaka mfupa urudi mahali pake, kisha afungwe. Miaka zaidi ya 3,500 imepita, na leo kabla ya upasuaji huu wauguzi bado wanakunja shuka au taulo na kuliweka kati ya makombe ya mabega ya mgonjwa, kwa sababu ileile.

Kwa muda mrefu karne iliyopita madaktari waliamini kwamba karibu kila mtulinga hupona bila kufunguliwa. Mwaka 1960 Charles Neer wa Marekani alitoa hesabu ya wagonjwa 2,235 waliotibiwa bila upasuaji, na ni 3 tu ambao mfupa ulikataa kuunga. Nani angeshika kisu mbele ya hesabu kama hiyo? Lakini hesabu hiyo ilichanganya watu wa kila namna, wakiwemo watoto, ambao mitulinga yao huunga vizuri hata ikipuuzwa, na mivunjiko ambayo vipande vyake havikuhama. Baadaye madaktari walianza kuwauliza watu wazima ambao vipande vyao vilipishana kabisa, wakasikia mengine: bega linachoka upesi, mkono unaishiwa nguvu ukinyanyuliwa, mkoba hautulii begani. Mwaka 2007 madaktari wa Kanada walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa 132 waliogawanywa kwa kura, nusu wakifungwa bamba, nusu wakivaa kitambaa. Kati ya waliofuatiliwa mpaka mwisho, mfupa haukuunga kwa wagonjwa 2 kati ya 62 wa bamba, na 7 kati ya 49 wa kitambaa.

Ukizisoma hesabu hizo kwa haraka utasema basi, wote wafungwe bamba. Ukizisoma polepole utaona kwamba hata kwa mivunjiko mibaya, watu 42 kati ya 49 waliunga bila kuguswa na kisu. Hapo ndipo ninapomheshimu daktari anayekaa na mgonjwa wake, akaiweka picha ya eksirei kwenye taa, akampimia: mfupa umepungua urefu zaidi ya sentimita 2 au haujafika huko? Kuna kipande kilichosimama wima kinachoisukuma ngozi mpaka inang'aa na kupauka? Vidole vina hisi, mapigo ya damu yapo? Mgonjwa ni kuli wa bandarini, au ni bibi wa miaka 80 anayetaka tu aweze kuchana nywele zake? Picha inaweza kuwa ileile na majibu yakawa mawili. Mfupa ukitoboa ngozi, au ukibana mshipa, hakuna mjadala. Katikati ya hayo kuna uwanja mpana, na anayeujua vizuri ni yule anayeweza kumwambia mtu aliyekuja akidai vyuma kwamba, mzee wangu, wewe hivi vyuma huvihitaji.

Tuseme uamuzi ni kupasua. Mgonjwa amepewa nusukaputi, amelazwa nusu ameketi, kichwa kimegeuzwa upande mzima, shuka lililokunjwa liko mgongoni. Bega na shingo zimepakwa dawa mpaka zimekuwa za kahawia, na nguo za kijani zimeacha wazi kipande cha ngozi kisichozidi kiganja na nusu. Daktari hashiki kisu mara moja. Anapapasa. Kidole chake kinapita kwenye mfupa kama kilivyopita cha kwako hivi punde, kinasimama kwenye mwanya, kinaendelea. Kisha anaichora njia kwa kalamu, na mara nyingi anaichora chini kidogo ya mfupa wenyewe, ili kovu lisije likalala juu ya chuma.

Mkato wa ngozi ni wa dakika moja. Kinachofuata ndicho ningependa kila mwanafunzi wa udaktari akione. Chini ya ngozi hiyo, kutoka shingoni kushuka kifuani, zinapita neva nyembamba zinazovuka mtulinga kwa juu, nazo ndizo zinazoipa hisi ngozi ya kifua cha juu. Ni nyeupe, na baadhi hazizidi unene wa uzi wa kushonea. Ukizikata, hakuna atakayekushitaki: mkono utafanya kazi, mfupa utaunga, mgonjwa atabaki tu na kiraka cha ngozi kilichokufa ganzi chini ya kovu. Madaktari wengi hapo zamani walizikata bila kuzitazama. Yule niliyemwangalia mimi alikiweka kisu chini, akachukua mkasi wenye ncha butu, akawa anaufungua na kuufunga taratibu ndani ya mafuta, akitenganisha bila kukata. Ilichukua muda. Msaidizi wake, kijana aliyekuwa mafunzoni, alishaona mfupa na alitaka kuendelea. Daktari akamwambia bila kuinua macho, "Ngoja kwanza, mdogo wangu, hapa kuna mwenyeji." Akaiinua neva ya kwanza kwa kamba nyembamba ya mpira, akaitafuta ya pili, akaipata, naye akaendelea na kazi yote iliyobaki huku nyuzi hizo mbili zikiwa zimekatiza katikati ya jeraha, akipitisha vifaa chini yake na pembeni yake kwa saa nzima.

Vipande vya mfupa vinafikiwa. Damu iliyoganda inasafishwa kwa maji, ncha zinafutwa. Hapa tena kuna kishawishi, maana mfupa ulioachwa wazi kabisa ni rahisi kuupanga. Lakini utando unaoufunika ndio unaoubebea damu, na kipande kidogo kilichoning'inia kwenye msuli kinaishi kwa msuli huo. Ukikichuna ili ukione vizuri umekiua. Daktari mzuri anaona anachohitaji kuona na kingine anakiacha kimefunikwa. Anakamata ncha mbili kwa koleo zenye makali membamba, anavuta, anazungusha kidogo, na meno ya mpasuko yanaingiana. Yakiingiana sawasawa huwa kuna mguso fulani wa kutulia ambao hata msaidizi aliyeshika koleo la pili anausikia mkononi.

Kama mpasuko umekwenda mshazari, skrubu ya kwanza haihusiani na bamba. Inabana kipande kwa kipande, na ujanja wake uko kwenye matundu: la upande wa karibu linatobolewa kwa milimita 3.5, upana uleule wa skrubu, ili skrubu ipite bila kung'ata; la upande wa mbali kwa milimita 2.5, ili huko ing'ate. Ukikaza, kichwa cha skrubu kinasukuma upande wa karibu dhidi ya wa mbali, na ule mstari wa mpasuko unafinywa mpaka unabaki mstari tu. Kosa la kutumia upana mmoja kwa matundu yote mawili lingezishika pande mbili zikiwa zimeachana, na hakuna nguvu ya mkono ambayo ingezikaribisha.

Sasa bamba. Siku hizi viwanda hutengeneza mabamba yaliyopindwa tayari kwa umbo la mtulinga, la kulia na la kushoto, marefu na mafupi, nayo ni mazuri. Lakini mitulinga haifanani, na hospitali nyingi za kwetu zina bamba lililonyooka lenye mikato pembeni, linalopindika kwa pande zote. Ufundi wa kulipinda haupatikani kwa kusoma. Kwanza daktari anachukua kipande chembamba cha alumini, anakibonyeza juu ya mfupa kwa kidole gumba, kikachukua umbo la mipindo miwili na msokoto mdogo ulio kati yake. Anakitoa, anakiweka mezani mbele yake. Kisha anashika bamba kwa vyuma viwili vya kupindia na kuanza: kidogo hapa, anafananisha, kidogo pale, anafananisha. Anapinda kati ya tundu na tundu, maana tundu likipindika skrubu haikai. Anajihadhari asilipinde akalirudisha, akalipinda tena, kwa sababu chuma kinachopindwa na kunyooshwa kinachoka ndani bila kuonyesha, na kikishachoka kitakatika miezi mitatu baadaye mgonjwa akiwa sokoni. Kwa hiyo anapendelea kupungukiwa kuliko kuzidisha. Akiliweka bamba juu ya mfupa halichezi, wala hakuna mwanya wa mwanga ncha hii au ile. Niliwahi kusikia sista akisema, "Limekaa, Daktari," kwa sauti ya mtu aliyekuwa amezuia pumzi.

Kutoboa ndiko kunakotisha. Chini ya mtulinga, kwa umbali unaohesabiwa kwa milimita, kuna mishipa mikubwa ya damu ya mkono, shada la neva zinazouendesha mkono wote, na ncha ya juu ya pafu. Kadiri unavyosogea upande wa kifua ndivyo mshipa mkubwa wa vena unavyokaribia. Na bado daktari anashika drili inayozunguka akielekeza chini. Kiwiko amekibana ubavuni, mkono wa pili umeshika bomba la kuongozea, msaidizi ameteleza kifaa bapa chini ya mfupa kama kinga, na mwingine anadondosha maji. Maji hayo yana hesabu yake: mfupa ukifikia joto la nyuzi 47 kwa dakika moja huanza kufa, na skrubu iliyofungwa kwenye mfupa uliokufa hulegea. Drili inaingia kwenye ukuta wa kwanza kwa sauti nzito. Ikivuka, sauti inalegea, maana katikati ya mfupa ni laini. Inagusa ukuta wa pili, sauti inapanda tena. Hapo chumba kizima kinasikiliza. Mara tu sauti inapobadilika, kidole kinaachia. Sijui namna ya kueleza ubora wa mkono unaosimama mahali hapo hapo, tundu baada ya tundu, mara sita au saba, bila kuzidi milimita moja au mbili. Kijana akapewa tundu la mwisho. Daktari aliweka kiganja chake juu ya mkono wa kijana, hakuubana, aliuwekea tu, na walishuka pamoja.

"Sista, kipimo." Kijiti chenye kulabu ndogo kinaingizwa, kinanasa ukuta wa chini, kinasomwa: 14. Skrubu ya 14 inaletwa kwenye bisibisi. Inakazwa kwa vidole viwili, siyo kwa ngumi, kwa sababu mfupa unaweza kukatwa meno yake kama mbao. Kwa kawaida hutakiwa skrubu tatu zenye kushika kila upande wa mpasuko. Mwisho wa yote daktari anamwaga maji ndani ya jeraha na kutazama kama kuna mapovu, ishara ya pafu lililotoboka. Hakuna mapovu. Neva zinalazwa mahali pake, misuli inafungwa juu ya chuma, ngozi inashonwa.

Bamba hilo dogo limepitia mikono mingi. Wa kwanza kuandika kuhusu kufunga mfupa kwa bamba alikuwa Carl Hansmann wa Hamburg, mwaka 1886. Skrubu zake zilichomoza nje ya ngozi ili baadaye zitolewe bila kupasua tena. Arbuthnot Lane wa London alifanya kazi kwa vifaa virefu ili kidole, hata kikiwa ndani ya glavu, kisiguse jeraha wala chuma, na kwa usafi huo aliweza kuacha bamba ndani bila usaha, ingawa chuma chenyewe cha wakati wake kililiwa na kutu. Albin Lambotte wa Antwerp alijitengenezea vyombo vyake mwenyewe, na nje ya hospitali alikuwa akiunda fidla. Sishangai hata kidogo. Robert Danis wa Brussels alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1949 kwamba ncha za mfupa zikibanwa vizuri huungana moja kwa moja, bila lile donge la mfupa mpya ambalo watu walilizoea. Mswisi kijana, Maurice Müller, alimtembelea mwaka uliofuata. Mwaka 1958 Müller na wenzake, akiwemo Martin Allgöwer, walianzisha mjini Biel kikundi cha kuchunguza namna ya kuunga mifupa. Wakafungua maabara Davos, na Desemba 1960 wakaendesha huko kozi yao ya kwanza. Kila mgonjwa waliyempasua walimwandikia na kumfuatilia. Fundi wao wa vyuma alikuwa Robert Mathys wa Bettlach, mtu wa karakana, na mimi naamini kwamba bila kiti chake mezani wale madaktari wasingefika mbali.

Sehemu ya historia hiyo ninayoipenda zaidi ni upande wa chini wa bamba. Mwaka 1969 lilitoka bamba lenye matundu ya umbo la yai, yenye ukingo wa mteremko: skrubu ikishuka kwenye mteremko huo inalisogeza bamba na mfupa kwa takriban milimita moja, na ncha mbili zinabanana. Lilikuwa bora. Lakini mfupa uliokuwa chini yake ulionekana kulegea na kuwa na vijitundu. Wengi walisema chuma kimeubebea mfupa mzigo mno, mfupa umezembea. Stephan Perren, mtafiti wa Davos, aliona sababu nyingine: bamba lililokandamizwa juu ya mfupa lilikuwa limezuia damu. Basi wakalichonga kwa chini, wakatoa chuma, ili liguse mfupa kwa sehemu chache tu. Baadaye yakaja mabamba ambayo vichwa vya skrubu vinajifunga kwenye bamba lenyewe, likaweza kukaa juu ya mfupa bila kuufinya. Zaidi ya miaka 100 ya akili na hesabu imekwenda kwenye kulifanya bamba liguse kidogo zaidi.

Mipaka ya chuma ilionekana hadharani mwaka 2013. Jorge Lorenzo, dereva wa mbio za pikipiki kutoka Hispania, alivunjika mtulinga siku ya Alhamisi akifanya mazoezi Assen, Uholanzi. Akapelekwa Barcelona, akafungwa bamba la titani, akarudi, na Jumamosi akamaliza mbio katika nafasi ya tano. Dunia ilistaajabu. Wiki mbili baadaye akaanguka tena Ujerumani, kwenye uwanja wa Sachsenring, na bamba likapinda ndani ya bega. Chuma hununua muda mpaka mfupa uunge. Wanaosikia habari kama ile na kurudi kwenye bodaboda baada ya wiki moja wamesikia nusu ya kwanza tu.

Kwenye ncha ya nje ya mtulinga, pale unapokutana na kombe la bega, kazi hugeuka. Kano zinazoushikilia zikikatika, mtulinga huruka juu na bega huonekana kama lina ngazi. Zamani ilikuwa kawaida kuupigilia kwa nyaya nyembamba za Kirschner. Nyaya hizo zimewahi kukatika na kusafiri mwilini. Ziko taarifa za zilizokutwa kwenye pafu na hata kwenye moyo. Bamba lenye kulabu limekuwa jibu mojawapo: linafungwa juu ya mtulinga kwa skrubu, na ulimi wake unapita chini ya paa la bega na kuushikilia mtulinga chini. Ni jibu zuri lenye masharti, kwa sababu ulimi huo unalisaga paa la bega kila mkono unaponyanyuka, hivyo kwa kawaida bamba hutolewa baada ya miezi michache. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo mapema hakuhudumiwa vizuri hata kama skrubu zote zimekaa sawa.

Kiungo chenyewe cha bega kikitenguka, ufundi wa kwanza hauna chuma hata kidogo. Kichwa cha mfupa wa mkono hutoka mara nyingi mno kwa mbele, na kukirudisha ni kazi ya uvutaji wa polepole. Hippocrates alieleza kisigino kikwapani na mkono ukivutwa. Theodor Kocher mwaka 1870 akaeleza njia ya kuuzungusha mkono. Kuna njia ya upole ninayoipenda: mgonjwa alale kifudifudi, mkono uning'inie kando ya kitanda, ufungwe uzito wa kilo nne au tano, na watu wasubiri misuli ichoke yenyewe. Wakati wa kusubiri muuguzi anazungumza na mgonjwa habari za nyumbani. Kabla ya kuvuta na baada ya kuvuta, daktari makini hugusa ngozi ya nje ya bega kwa pamba na kuuliza kama inasikia, maana neva inayozunguka shingo ya mfupa huo huumia kwa urahisi.

Bega linalotoka tena na tena ndilo linalohitaji kisu. Blundell Bankart wa London alionyesha mwaka 1923 kwamba ukingo wa gegedu la mbele ukichanika hauungi wenyewe, akaeleza namna ya kuurudishia. Mwaka 1954 Michel Latarjet wa Lyon alikikata kijifupa kilicho mbele ya bega pamoja na misuli yake, akakihamishia kwenye ukingo wa kiungo na kukifunga kwa skrubu. Mfupa unaongeza upana wa sakafu, na ile misuli inakuwa mkanda wa kuzuia. Haihitaji kamera wala mitambo ya gharama. Inahitaji mtu anayejua mahali pa kila neva, na ndiyo maana inafanyika hata pale ambapo fedha ni chache.

Mwenye bamba la mtulinga huanza kuyumbisha mkono taratibu siku za mwanzo, huku ameinama na mkono ukining'inia. Kwenye wiki ya 6 hupigwa picha, na daktari hulitazama lile tundu la skrubu la mwisho kwanza, kuona kama kuna kivuli cheusi kuizunguka, dalili ya kulegea. Mzigo mzito husubiri mpaka mfupa uonekane umeunga, kwa kawaida miezi mitatu au zaidi. Wengi hukaa na chuma chao maisha yao yote. Wengine, hasa wembamba na wanaobeba mizigo kwa mkanda begani, hukisikia chini ya ngozi na huomba kitolewe, na hilo huwa halifanyiki kabla ya mwaka mmoja au zaidi kupita. Bamba likitoka, matundu hubaki kwenye mfupa, na kwa miezi kadhaa kila tundu ni mahali ambapo mtulinga unaweza kuvunjika upya. Kwa hiyo siku ya kutoa nyuzi mgonjwa hupewa tarehe nyingine, ya kurudi uwanjani, na huambiwa wazi kwamba bega lisilouma bado halijawa tayari.